Tabasamu la Mbuzi Nane

Tangu Jumamosi iliyopita watoto wa mtaani hawaniiti tena kwa jina langu. Wananiita Papa Colgate. Leo asubuhi kijana wa toleka, baiskeli ya abiria, alinipakia karibu na kanisa kuu, akaendesha kimya kwa dakika mbili nzima, kisha akageuza shingo na kuniuliza kwa adabu zote: "Papa, njo wewe ulilia juu ya maji?"

Nililia, ndiyo. Yalikuwa maji ya glasi moja.

Tulikuwa Mangobo, hapahapa Kisangani, kwenye dot (sherehe ya mahari) ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Siku ya dot bwana harusi hukaa kama mzigo uliosahauliwa kwenye boti. Hafungui mdomo, na baba yake pia hafungui. Anayefungua mdomo ni msemaji, na watu wote wanautazama mdomo huo, na siku hizi wanautazama kwa simu, ili jamaa walioko Kinshasa na Brussels nao wapate kuutazama. Ndiyo sababu niliona vema kuuandaa. Nitarudi kwenye maandalizi.

Upande wa pili alikaa noko wa binti, mjomba mwenyewe, mtu wa mabega mapana na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo huku tunaiita facture, na ni facture kwelikweli: suti ya baba na viatu vyake, vitenge vya waksi vya mama, sufuria, taa ya Coleman, gunia la chumvi, masanga (pombe) dame-jeanne mbili. Mbuzi huwekwa mwisho. Mpaka kufika kwenye chumvi nilikuwa nimesema vizuri sana. Nilikuwa nimetoa methali mbili, na ya pili ilipigiwa makofi hata na upande wao.

Kabla ya mbuzi, shangazi wa binti akaniletea maji. Hayakuwa ya kiu. Msemaji akinywa maji ya nyumba ile, ameonyesha kwamba hakuja kwa ubaya. Akiyaacha, kila mtu anaanza kutafuta viatu vyake. Na glasi ilikuwa na barafu. Katika mtaa ambao umeme unakuja kama mgeni, mchache na bila taarifa, barafu si kitu kidogo. Kuna mtoto alitumwa mbali, akarudi anakimbia na kifuko kinachodondoka. Nikashukuru, nikanywa funda kubwa, funda la mtu mwenye heshima zake. Wakati huohuo noko akafungua kunjo la mwisho la karatasi na kusema:

"Mbuzi saba."

Nikapiga ukelele.

Sijui nitaueleza vipi uchungu ule. Haukuwa wa jino bovu, ambao hugonga polepole kama fundi wa mabati na unaweza kuuzoea. Huu ulipita kwenye meno sita ya mbele kwa mpigo mmoja, kama waya uliogusana na waya, ukazimika. Halafu pumzi iliyofuata ikauwasha upya. Machozi yalinitoka. Kiganja changu, bila kuniuliza, kilipiga meza.

Uwanja wote ukanyamaza. Noko akashusha karatasi. "Papa, tulia," akasema. "Hatujafika hata kwenye nguruwe."

Nilitaka kusema samahani. Lakini hebu litamke neno hilo taratibu: lina silabi nne, tatu za kwanza zinapanua mdomo wazi, na ya nne inavuta midomo pembeni mpaka meno yote yanatoka nje. Nilifika kwenye ya pili. Kilichosikika kilikuwa "Samaaai!", na kiganja kikapiga meza tena.

Watu wa kwetu, wanaonijua kama mtu mpole anayehesabu maneno, wakaamini ni mbinu. Kaka wa bwana harusi akaniinamia sikioni: "Endelea vilevile, wanaogopa." Na kweli waliogopa. Noko aliwageukia wenzake, wakashauriana kwa Lingala ili tusisikie, katika mji ambao hata mbuzi wanasikia Lingala, kisha akarudi: "Tuseme sita." Nikavuta pumzi ya kumshukuru. Pumzi ikagusa meno. "Aaai!" Noko akafuta jasho. "Tano, basi. Lakini wawe wakubwa." Katika maisha yangu sijawahi kujadiliana bei vizuri namna ile, na sikuwa nimesema hata neno moja zima.

Kama yule shangazi angekuwa mtu mbaya, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mtu mwema, na maji yalitoka mikononi mwake. Mgeni amekunywa, mgeni analia: kila mtu uwanjani alikuwa anafikiria neno moja, na hakuna aliyelitamka. Akalijibu kabla halijatamkwa. Alichukua glasi yangu, akanywa yaliyobaki mpaka vipande vya barafu, akavitafuna, krak, krak, huku akitutazama mmoja mmoja. Hakuna kilichomtokea. Kisha akawasha taa ya simu yake, akanisimamia.

"Fungua."

Nikafungua. Aliingiza mwanga, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja. "Eh, mama yangu! Ufizi yake imekuwa nyeupe kama bougie!"

Wakaja. Sijui walikuwa wangapi. Najua kulikuwa na taa za simu nyingi kuliko nyota, na kila mwenye simu alitaka kuona mwenyewe. Mzee mmoja aliomba nipandishe mdomo wa juu kwa kidole. Nikapandisha. Ndipo noko akauliza lile ambalo ukoo unaotoa binti una haki ya kuuliza: je, ni ugonjwa wa familia? Bwana harusi naye anao? Watoto watazaliwa nao? Ikabidi nikiri, mbele ya koo mbili na Brussels nzima, huku nimeshika shavu, neno kwa neno na katikati ya kila neno kilio kidogo: nilikuwa nimeyapaka meno dawa ili yawe meupe.

Nimesikia vicheko vingi. Kile kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa tayari kulia msiba wakaambiwa hakuna maiti. Kilipokwisha, mbuzi walikuwa wanane. Wa nane, noko alieleza kwa utulivu, ni faini ya kumtia shangazi aibu. Familia yetu ilikaa Jumapili na kuamua bila kura kwamba huyo ni wangu.

Babu yangu alikuwa na meno yaliyochongwa. Wazee wengi wa msituni huku walikuwa nayo: ukiwa kijana, mtu mwenye mkono mzuri anakulaza chini, anachonga meno ya mbele kwa patasi mpaka yawe na ncha, na hulii, maana wasichana wanasikiliza. Ulikuwa urembo, kama huu wangu, tofauti ni kwamba yeye alivumilia chuma na mimi nilishindwa na maji. Ninapokumbuka zile simu mdomoni mwangu, nafikiri pia habari ya Ota Benga, mtu wa Kongo mwenye meno ya ncha aliyepelekwa Marekani na kuwekwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, Missouri, mwaka 1904. Watu walimiminika kuyaona meno yake, naye akawa anawatoza senti tano kila wakitaka afungue mdomo. Mwaka 1906 walimweka kwenye nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Baadaye, alipokuwa Lynchburg, Virginia, meno hayo yalivikwa vifuniko ili afanane na watu wengine, na inasimuliwa kwamba siku aliyojiua, Machi 1916, kwanza alivibandua. Mimi sikupelekwa popote, na baada ya kelele walinipa kiti na sahani ya wali. Lakini ile "Fungua" naijua sasa, na sikutoza hata senti.

Maandalizi, basi.

Nilinunua kisanduku. Kilikuwa kwenye kabati la kioo la duka moja la vipodozi katikati ya mji, baina ya sabuni za kung'arisha ngozi na nywele za bandia, na juu yake kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye meno ambayo, nikiyafikiria leo, hayana rangi ya kitu chochote kinachotoka kwa Mungu isipokuwa mayai. Ndani mlikuwa na sindano tatu za jeli bila ncha, kidude cha mpira laini cha kuuma kama kile cha mabondia, na kitaa cha bluu kinachochomekwa kwenye simu. Maelezo yalikuwa ya Kichina, pamoja na Kifaransa kilichotafsiriwa na mtu mwenye haraka. Niliyasoma yote. Kisha nikasoma mengine, usiku kucha, kwa vifurushi vya intaneti ambavyo vingeninunulia nusu ya mbuzi, na lazima nikiri kwamba jambo lenyewe ni tamu.

Kwanza, jino si jeupe. Gamba lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini linapitisha mwanga, kama kioo cha dirisha la bafu: huoni sura ya aliye ndani, unaona rangi ya shati lake. Aliye ndani anaitwa dentini, na shati lake ni la manjano. Kwa hiyo ile tunayoiita rangi ya jino ni dentini inayochungulia nje. Watoto wana meno meupe kwa sababu meno ya utoto yameumbwa meupe zaidi. Ukizeeka, kioo kinalika, na wa ndani anaonekana vizuri zaidi. Sasa mfikirie mtu anayesugua meno kwa mkaa kila asubuhi ili yang'ae. Doa la chai la nje litaondoka, ni kweli. Lakini kioo nacho kinaondoka, kidogokidogo, na enameli haioti mara ya pili. Anasugua dirisha ili lile shati la manjano lisionekane.

Jeli inafanya kazi nyingine kabisa. Jina lake ni karbamaidi peroksaidi. Ikikutana na mate inagawanyika: upande mmoja urea, ndiyo, ileile ya mbolea, na upande wa pili kile kitu ambacho maduka ya dawa huku wanakiita eau oxygénée, cha kuoshea vidonda na cha kuwafanya vijana wawe na nywele za rangi ya mahindi. Chembe zake ni ndogo mno. Zinapenya kioo kama moshi unavyopenya mlango, na ndani ya dakika chache zimefika mpaka kwenye kiini cha jino, mahali unapokaa mshipa wa fahamu. Njiani zinakutana na chembe kubwa zenye rangi, zile zilizoachwa na kahawa na miaka, na kuzikatakata. Hapa ndipo nilipoweka simu chini na kutazama dari kwa muda: doa halitoki! Linabaki humohumo ndani ya jino, limevunjwa vipande ambavyo havijui tena kushika mwanga. Hujafukuza mtu nyumbani, umemvua tu shati.

Wamarekani wawili, Haywood na Heymann, ndio walioandika mwaka 1989 jinsi ya kufanya hivyo usiku ukiwa umelala, kwa jeli ya asilimia 10, ambayo inatoa eau oxygénée ya karibu asilimia 3.5. Polepole, wiki kadhaa, na kile cha kuuma kikiwa kimefinyangwa kwa meno yako mwenyewe ili jeli isimwagikie ufizi. Ulaya, tangu mwaka 2012, hairuhusiwi kumpa mtu zaidi ya asilimia 6 ya eau oxygénée, na hata hiyo lazima ianzie mkononi mwa daktari wa meno. Jeli yangu iliandikwa 35. Nilipiga hesabu pembeni mwa kisanduku: ni karibu asilimia 12, mara mbili ya mpaka wa Ulaya, na daktari alikuwa mimi. Kile cha kuuma kilifinyangwa kwa mdomo wa mtu wa kufikirika, mwenye taya kama la kiboko.

Na kitaa cha bluu? Kwa yote niliyosoma, kinaongeza kidogo sana au hakuna. Sehemu ya weupe unaouona ukitoa kidude ni ukavu tu: jino lililokaa wazi limekauka, na jino kavu linaonekana jeupe, likishanywa mate yake linarudi lilivyokuwa. Hata dawa nyingi za meno zinazoahidi weupe zina rangi ya bluu ndani, hila ileile ya mama zetu na buluu ya kufulia mashati: manjano ikifunikwa na bluu kidogo, jicho linasema nyeupe. Mama yangu aliijua sayansi hiyo kabla ya kiwanda chochote, na aliifanyia kwenye beseni.

Nilijua haya yote. Naomba jambo hilo lieleweke vizuri. Nilijua, na Alhamisi usiku nikaitia jeli ile mdomoni.

Umeme haukuwepo. Nilikaa barazani kwenye giza, kidude kimejaza mdomo, kitaa kimewaka, mate yanatiririka kidevuni, nikihesabu dakika 16. Mtu akitazama kutoka njiani haoni mtu. Anaona mdomo wa bluu ukielea hewani, unapumua. Mtoto wa jirani alikuwa anatoka kuchota maji. Alitazama mara moja, akaacha bidoni, akakimbia huku akiita "Ndoki! Ndoki!", yaani mchawi, kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo ya mto. Neno hilo si la kuchezea katika mji huu. Nimeona watoto waliotupwa barabarani kwa ajili yake. Kwa hiyo nilitoka upesi kujieleza kwa majirani waliokwisha kusanyika na tochi na mpini wa ufagio, nikasahau kuzima kitaa.

Waliponitambua walinihurumia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Ufizi uliungua usiku uleule. Ulikuwa mweupe kwa madoa, unawasha kama pilipili. Maelezo ya Kifaransa cha haraka yalisema hiyo ni "furaha ya muda". Ijumaa nikarudia. Jumamosi alfajiri nikarudia tena, kwa sababu sindano ya tatu ilikuwa imelipiwa.

Jambo ambalo kisanduku hakikulificha ni chakula. Siku mbili baada ya jeli, kula vyeupe tu. Hebu aje aliyeandika hivyo aishi siku mbili Kisangani. Sombe ni ya kijani na mawese yake ni mekundu. Maharagwe yanaogelea mawese. Hata lituma, ambayo kwa ndizi zake ingepita, haiji mezani peke yake. Likasu, ile kola ya kutafuna, haliguswi, maana ukilitafuna nusu tu meno yanakuwa ya rangi ya kutu. Na kahawa! Robusta, ambayo leo inanyweka dunia nzima, Wabelgiji waliichukua kwenye mto Lomami, ambao unaingia Kongo pale Isangi, hapo chini tu tukifuata maji. Adui wa meno ya dunia nzima ni mtoto wa jirani yangu. Nilikula fufu na chumvi. Mke wangu aliniuliza kama nina kosa ambalo natubu.

Kabla ya kisanduku nilikuwa nimejaribu mkaa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Limau na chumvi: mara moja. Ganda la ndizi, ambalo rafiki aliliapia, lililiwa na mbuzi kabla sijalitumia, na mbuzi huyo sasa nadhani alikuwa mjumbe.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa meno. Ni mwanamke kijana, mpole, ana kiti kizuri. Alichukua kile kibao cha meno ya bandia wanachopimia rangi, meno 16 yaliyopangwa kama funguo za kinanda, kila moja na herufi na namba yake, akaliweka moja baada ya jingine kwenye mdomo wangu. Alifika mwisho, akaanza tena. "Papa," akasema, "rangi yako haimo."

Kisha akanionyesha kwa kioo kitu ambacho nimekuwa nikikitazama maisha yangu yote bila kukiona. Meno yangu ya mbele hayana madoa. Yana mistari: mikanda ya kahawia na kijivu, imelala kwa usawa, kama alama ambazo maji ya mto huacha kwenye nguzo yakishuka. Akaniuliza kama nilikunywa tetra utotoni.

Nani hakunywa tetra utotoni? Kapsuli ile ukiitaja tu kila mtu anaiona, nusu nyekundu nusu manjano. Ilikuwa ya homa, ya tumbo, ya kikohozi. Kidonda kikikaidi, ulifungua kapsuli na kumwaga unga wake juu. Iliuzwa mojamoja kwenye sinia, pamoja na sigara na viwembe. Daktari akanieleza, na nikasahau kwamba mdomo unauma, kwa vile maelezo yenyewe yalivyo mazuri na ya kutisha. Tetrasaikilini inapenda kalsiamu. Ikiingia kwa mtoto ambaye meno yake bado yanafinyangwa ndani ya taya, tangu mimba ya miezi minne mpaka karibu miaka 8, inashikamana na kalsiamu ile na kujengwa humo humo, ndani ya dentini, tabaka la homa hii, tabaka la homa ile. Mistari yangu ni kumbukumbu ya magonjwa yangu. Na jino likishatoka, mwanga wa jua unaigeuza ile manjano kuwa kahawia na kijivu. Ndiyo maana ya mbele hutangulia kuwa meusi. Yaani kadiri ulivyocheka nje, ndivyo ulivyoungua.

Jeli yangu ya asilimia 35 ilikuwa inapigana na rangi iliyochanganywa kwenye tofali. Labda miezi mingi ya jeli dhaifu ingeipunguza, alisema. Labda.

Nilirudi nyumbani nikasoma tena, safari hii bila utamu. Dawa ya kwanza ya ukoo ule, Aureomycin, ilitangazwa mwaka 1948 na Benjamin Duggar; waliipa jina la dhahabu kwa sababu ya umanjano wake. Ilitoka kwenye udongo, na udongo wenyewe ulichotwa shamba la chuo kikuu cha Missouri, jimbo lilelile la maonyesho ya St. Louis. Kwa hiyo Missouri imeyashughulikia meno ya Kongo mara mbili. Mwaka 1956 madaktari walikwisha kuandika kwamba inabadilisha rangi ya meno ya watoto. 1956! Mimi sikuwa nimezaliwa, wala sikuwa karibu kuzaliwa. Kwa watu wenye maduka ya dawa yenye milango, onyo likawekwa ndani ya boksi, likasomwa, watoto wao wakapewa dawa nyingine. Kwetu kapsuli ziliendelea kuja, miaka na miaka baadaye, lakini zilikuja zimeshatolewa kwenye boksi. Kapsuli ilivuka bahari na kupanda mto kilomita elfu na zaidi mpaka kwenye sinia. Onyo halikupata nauli.

Halafu anakuja mgeni, na wote husema jambo hilohilo kama wamelifundishwa darasa moja: "Ninyi Waafrika mna meno meupe sana!" Nimefunga mdomo mbele ya sentensi hiyo mara ngapi? Unatabasamu kwa midomo tu, unaonekana una kiburi. Katika picha zangu zote, tangu ya ubatizo mpaka ya harusi yangu, nina sura ya mtu anayedai deni.

Nilimwendea mama jioni hiyo. Nilikuwa nimepanga kuuliza kwa upole, kama swali la historia: tetra, niliinywa nikiwa na umri gani?

Uso wake uliangaza. "Tetra? Ile njo ilikuponesha!" Akaanza kunisimulia, na alisimulia kwa mikono, kama anavyosimulia mambo ya fahari. Tulikuwa tunakaa Lubunga. Nilikuwa na miaka mitatu, nina homa ya siku nne, macho yamegeuka. Usiku, mvua. Aliuza kitenge chake kwa jirani, akaamsha mvuvi, akavuka mto kwa mtumbwi na mimi mgongoni, akagonga mlango wa muuzaji mpaka akafungua. Akanipa kapsuli mbili usiku ule, nyingine asubuhi, na siku ya tatu nikaomba kula. "Na miaka yote ile, ukipata homa kidogo tu, mimi tetra mbio. Sikucheza na wewe." Akacheka. Meno yake, yaliyomea kabla kapsuli hazijafika mto huu, ni meupe mpaka ya nyuma.

"Unauliza juu ya nini?"

"Bure tu, mama."

Akanitazama mdomoni kidogo, kisha akasimama kwenda jikoni. Alisikia habari za Mangobo kama kila mtu, lakini hajazitaja. Alirudi na kikombe cha kahawa, nyeusi, inafuka moshi, na sahani ya sombe iliyong'aa mawese. Siku zangu mbili za vyeupe zilikuwa zimepita. Niliiacha kahawa ipoe, si sana, nikainywa kwa upande wa kushoto.